Bima Haijui Msiba

Jumatatu, 3 Oktoba 2011
Zamu ya asubuhi, hospitali Flemingsberg. Miguu imevimba. Kodi ya Deo, mpangaji wangu, haijaingia tena, huu mwezi wa tatu. Nilihamia kwa dada hapa Skärholmen ili nyumba yangu ya Norsborg ipangishwe, ijilipie mkopo. Haijilipii. Nalipa mimi. Bahati nzuri nina bima ya kodi, mpangaji asipolipa wao wanalipa.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimewapigia watu wa bima. Binti mwenye sauti ya upole. Anataka mkataba na kila ujumbe kati yangu na mpangaji. Nimetuma vyote, hata ule wa Agosti, mama yake Deo alipofariki Bujumbura. Huo nimeutuma kwa fahari. Waone mimi si mwenye nyumba mkorofi.

Ijumaa, 14 Oktoba
Wamekataa. Ujumbe ule ule ndio ulioniponza. Niliandika: "Pole sana mdogo wangu. Usiwaze kodi mpaka tumalize matanga." Kwao hiyo ni anstånd, yaani nimempa muda mwenyewe, na bima hailipi kodi ambayo mwenye nyumba ameridhia icheleweshwe. Nimemweleza binti kwamba kwetu mfiwa hadaiwi. Anasema anaelewa, ila masharti ni masharti. Haelewi chochote. Nimekasirika mpaka nimeunguza wali.

Jumapili, 16 Oktoba
Nimemkamata Deo mlangoni mwa kanisa. Amepunguziwa zamu za usafi, na akiba yote iliishia kwenye mazishi.
"Dada, nilikuwa nangoja wewe uniambie matanga yamekwisha."
Nilitaka kumzaba kibao. Kinachoniuma ni kwamba kweli sikumwambia.

Alhamisi, 27 Oktoba
Benki haingoji. Nyumba inauzwa. Dada ananiambia tenda wema nenda zako. Niende wapi, kwenye kochi lake?

Jumamosi, 26 Novemba
Nimekabidhi funguo. Deo alihama wiki iliyopita. Aliosha madirisha yote bila kuombwa.
Mchana simu: mama mmoja wa kwaya, wa Norsborg, amefiwa na mume. Nilianza kumwandikia ujumbe wa pole, nikaufuta. Nikapika maharage, nikapanda treni na sufuria mapajani. Nilikaa naye mpaka wageni wengine wakaondoka. Wakati wa kurudi nilipita chini ya nyumba yangu ya zamani. Madirisha bado ni safi.