Kamba Namba Moja

Portlennan,
Jumapili, tarehe 2 Machi

Mpendwa kaka Struan,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichorudi nacho kutoka baharini wakati wa Krismasi kimekuachia. Sisi huku tunaendelea. Goti la Shangazi Netta linamsumbua kila mvua ikinyesha, maana yake linamsumbua kila siku, lakini ulimi wake hauna maradhi. Ameniambia nikuulize kama zile soksi za sufu alizokufumia unazivaa au umewapa samaki. Archie Tennock naye anakusalimu. Karakana ya majeneza bado inanuka mbao na gundi kama enzi za Baba, na Archie bado anakataa kuketi kwenye kiti cha Baba.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati tunapigiana simu kila Jumapili. Sababu utaiona. Kwa simu ningekata katikati, halafu ningesingizia mtandao.

Kwanza nikupe habari za kitabu changu cha mauaji, kwa kuwa uliniuliza. Sikutegemea mji huu ungekipokea hivi. Muuza nyama sasa ananiita muuaji. Ninasimama kwenye foleni yake na watu wazima wenye heshima zao, naye anapaza sauti, "Karibu, muuaji, leo tukukatie nani?" Archie amekisoma mara mbili akiwa na penseli sikioni, kisha akaja mlangoni kwangu kunieleza makosa yangu matatu. Kubwa kuliko yote, alisema, ni kwamba jeneza la mwaloni lenye mtu wa kimo kile haliwezi kubebwa na wanaume wanne waliolewa. Nikamwambia katika hadithi inawezekana. Akasema basi hadithi ihamie Edinburgh, huku kwetu tuna viwango.

Wale kina mama saba wa kundi la kusoma pale maktaba ndio walionimaliza. Unawajua: hawasomi kitabu kisicho na maiti, na kama hawajacheka kufikia ukurasa wa ishirini wanakirudisha. Mchungaji mpya, ambaye ni Mwingereza na bado anatuogopa kidogo, aliwatembelea mwezi uliopita. Akawauliza kwa upole kwa nini wanawake wa mji mtulivu kama huu wanapenda vitabu vya kuuana, tena vya kuuana kwa mzaha. Shangazi Netta akamjibu kwamba mvua imenyesha tangu Septemba: ama wasome jinsi watu wanavyouana, ama wauane wenyewe, achague. Bi. Purdie, yule aliyekuwa muuguzi, akasema yeye anavipenda kwa sababu ndani yake mwovu hashindwi na polisi, anashindwa na viatu vyake mwenyewe. Mtu anapanga mauaji miezi sita, halafu anateleza juu ya karatasi ya chipsi. Hiyo, alisema, ndiyo haki pekee aliyowahi kuiona kwa macho yake.

Mchungaji akacheka, akapewa chai. Mimi nilikuwa napanga vitabu nyuma yao, na nilitaka kusema jambo nikaendelea kupanga. Nilitaka kusema kwamba watu wetu wanavipenda vitabu hivi kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mimi nawe tumekulia nyumba ambamo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba anampenda, lakini kila mmoja aliweza kufanya mzaha karibu na jeneza. Wakimsalimu Baba barabarani, "Hujambo, Wattie?" yeye alikuwa akijibu, "Sijambo. Wewe je, bado ni futi tano na inchi kumi?" Watu walikufa kwa kicheko, na wakishakufa kweli walijua atawapima vizuri. Kicheko chetu kinatuwezesha kusimama karibu na jambo bila kuligusa. Mimi nimejifunza kukitumia vizuri kuliko wote katika ukoo wetu, na sioni tena fahari ndani yake.

Sasa maktaba imetangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 15 nitasoma mbele ya watu. Wanataka sura moja tu, na unaijua ni ipi: ya makaburini. Nawe umeniandikia kwamba umeomba likizo, utakuja, utaketi safu ya mbele, na utacheka kwa sauti ili wengine wasione haya. Umesema uliisoma sura hiyo kwenye treni ukacheka mpaka mama mmoja akakupa kitambaa akidhani unalia. Halafu, mwishoni mwa ujumbe wako, ukaandika maneno ambayo nimeyasoma kila siku kwa wiki tatu: kwamba Baba alikuwa na haki yake, kwamba hukustahili ile kamba ya jeneza lake, na kwamba angalau siku ile ya mazishi imetoa kitu kizuri.

Struan, nivumilie hapa.

Ulipoondoka kwenda Aberdeen ukamwambia Baba hutaki kutengeneza majeneza, alinyamaza miaka tisa. Ulipokuja hospitali mara ya kwanza mlizungumza habari za mpira. Ulipokuja mara ya pili alikuwa amelala, ukaketi saa mbili, ukaondoka kuwahi helikopta ya kuwarudisha kazini kwenye visima vya mafuta baharini. Mimi nilikuwepo kila siku. Nilimlisha, nilimnyoa, na nilikuwa na hasira nawe ambayo niliiona ni ya haki kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya nililokutendea, nayo ningeweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Kulikuwa na ya pili.

Kitabu changu kilikuwa kimekwama miaka miwili. Nilikuwa na mzee aliyeuawa, na muuaji ambaye ni rafiki wa familia, na mazishi. Unajua watu wetu na kamba zao: kamba nane za kuteremshia jeneza, kila moja na namba yake, na kadi inapelekwa nyumbani kwa kila atakayeshika. Kuna watu hapa wamenuniana miaka ishirini kwa sababu mmoja alipewa namba sita akitegemea namba nne. Namba moja, ya kichwani, ni ya mwana wa kwanza. Akiikosa, mji mzima unajua marehemu alikufa na neno moyoni. Katika kitabu changu, muuaji ndiye aliyepewa namba moja, na mwana amesimama pembeni mikono mitupu. Hapo nilikwama. Sikujua mtu aliyenyimwa kamba ya baba yake anafanya nini na mikono yake. Niliandika kurasa nyingi, zote za uongo.

Siku ishirini kabla ya kufa, Baba aliniomba kadi ya karakana na penseli. Aliandika orodha ya kamba zake mwenyewe, kwa mkono wake. Hakutaka mtu mwingine aharibu kazi. Akanikabidhi, akasema nimpe Archie wakati ukifika, na nisiruhusu ubishi.

Asubuhi ya mazishi nilikuambia jikoni kwamba Baba aliandika orodha na kwamba jina lako halimo. Ulisema, "Haya. Ni haki yake." Ukachukua kikombe kilichokuwa safi tayari, ukakiosha.

Jina lako lilikuwemo. Lilikuwa la kwanza.

Niliinakili orodha usiku wa kuamkia siku ile, nikakuacha nje, nikampandisha Mjomba Tam kutoka namba tatu hadi namba moja, nikawasogeza wengine, na namba nane nikampa jirani. Archie aliitazama nakala, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni maneno ya Baba. Hakuuliza tena. Yeye aliyasoma majina kaburini akidhani anamtii rafiki yake wa miaka thelathini, na kwa hilo pia nina deni la kumwomba radhi.

Kisha nikasimama upande wa pili wa kaburi, kaka, nikakutazama. Sikumtazama Baba akiteremka. Nilikutazama wewe. Uliingiza mikono mfukoni, ukaitoa kwa kuona ni utovu wa adabu. Ukaikutanisha mbele, ukaiachanisha. Simu ya Mjomba Tam ikalia mfukoni mwake ule wimbo wa mpira, naye hawezi kuachia kamba, mchungaji akapaza sauti kushindana nao, watu wakaanza kutetemeka mabega. Wewe ukamsogelea Mjomba, ukaingiza mkono kwenye koti lake, ukaizima. Ukingoni upande ule ulikuwa mtu pekee mwenye mkono mtupu wa kufanya hivyo. Ukarudi mahali pako ukabaki umeishika ile simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika.

Nikiwa bado makaburini nilijua kitabu kimepona. Kabla pai ya nyama haijaletwa mezani pale hotelini kwenye chakula cha mazishi, nilikuwa chooni, naandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Mwana anapiga namba ya baba yake aliyekufa ili asikie sauti yake mara ya mwisho, na simu inalia mfukoni mwa mtu aliyeshika kamba namba moja, naye hawezi kuachia. Ndiyo sura wanayoipenda wote. Ndiyo uliyoicheka kwenye treni.

Nimejiambia mengi. Kwamba nilikuwa na uchungu. Kwamba nilikuwa nimechoka. Ni kweli, lakini waliochoka hulala, hawanakili orodha kwa mwandiko mzuri. Niliiba kutoka kwako jambo ambalo hutokea mara moja, na niliiba kutoka kwa Baba neno pekee alilopata nguvu ya kukuambia. Nimekuacha miaka mitatu ukiamini alikufa na kinyongo nawe. Na wewe umenishukuru.

Barua hii nimeiandika mara nne. Kila mara ilikuwa inazidi kuwa nzuri, nikaogopa, nikaichana. Hii nimeiandika bila kurudi nyuma, na makosa yake uyaache yalivyo.

Jana nilimwambia msimamizi wa maktaba kwamba sura ya makaburini sitaisoma. Alisikitika, akasema tiketi zote zimekwisha na watu wanaitegemea. Nikamwambia sura hiyo si yangu mpaka mwenyewe aniruhusu, akadhani namzungumzia mchapishaji. Ukija, nitakuja kukupokea kituoni. Usipokuja, nitaelewa, na sitakupigia simu mpaka unipigie wewe. Archie nitamwambia kesho asubuhi kabla hajafungua karakana. Shangazi Netta nimeshamwambia. Hakufanya mzaha wowote. Alizima redio, akaniambia nikuandikie leo leo na nisiipambe.

Ndani ya bahasha utaikuta kadi. Ni ile yenyewe, ya penseli, na sikubaki na nakala. Mstari wa kwanza herufi zake zinatetemeka kidogo, kwa hiyo nakuandikia hapa usije ukashindwa kuzisoma: "1. Struan. Ni mrefu kuliko wenzake. Aambiwe apinde magoti, asiumie mgongo."

Nisalimie wote mnaofanya nao kazi huko, na ujifunike vizuri ukiwa baharini. Shangazi anakubusu, kadhalika Archie kwa namna yake ya kutikisa kichwa tu. Mimi sijui nikuage kwa neno gani ambalo bado nina haki nalo, basi nakuaga kwa jina langu.

Mdogo wako,
Morven