Wateja wa Salma Chini ya Godoro Langu

Tottenham, Jumanne

Chini ya godoro nimeficha daftari lenye orodha ya wateja wote wa binti yangu Salma: jina, anwani, na buibui gani kila mmoja alinunua kwake mtandaoni. Nilikuwa karani, kompyuta siziamini. Kila alipokwenda posta na vifurushi, mimi nilinakili.

Kompyuta yake ilipokufa wiki iliyopita, nilinyamaza. Msomi mzima, hakuwa ameweka nakala popote! Duka limesimama, na sasa anakaa nami tukiwasengenya majirani. Miaka mitatu nilikuwa nikizungumza na kisogo chake.

Leo alilia. "Baba, bila ile orodha nafunga duka."

"Subira, mwanangu," nikamwambia, nami nimelilalia daftari.

Moyo wangu umechoka, daktari hafichi tena. Na daftari nimeliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo humu ndani nazisoma mimi tu. Nikifa, na duka limekufa. Kesho nitamsomea, ukurasa kwa ukurasa, polepole kwa makusudi.

Lakini hili sijui kama nitathubutu kumwambia. Kompyuta ile haikufa yenyewe. Mimi ndiye niliyeinywesha chai, kikombe kizima, na sukari yake.