Glasi za Kioo

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana ulikuwa hupendi mtu aanze maneno bila salamu.

Huku Kanazi hatujambo. Maharage yamekauka vizuri, na kuku wako yule mkorofi bado anataga jikoni. Ila tangu tukuzike usingizi umenihama, na sababu si kilio tu. Ilibaki kidogo darasa lako la watoto lifungwe.

Ulipokuwa hai wazazi walinung'unikia pembeni. Watoto wa miaka minne wanamenya ndizi kwa visu, wanachambua maharage, wanamiminiana uji kwenye glasi za kioo! "Kazi hizo zipo nyumbani, sisi tumewaleta wasome." Nani angekuambia wewe usoni, thubutu! Matanga yalipoanuliwa tu, wakanijia mimi, Baba Evodia mbele. Niweke madawati, niandike herufi ubaoni watoto wanakili, vioo viondoke. La sivyo, Jumatatu kila mtu anamchukua mwanawe. Wewe ungemtania akacheka akaenda zake. Mimi nilisema tu, "Njoo kwanza uone."

Akaja, tena na koti la kanisani! Nikamkalisha mkekani, magoti yakamfika kidevuni. Watoto hata hawakumjali, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Wawili walikuwa wanatenga maharage, mekundu huku, ya njano kule, wanahesabu kwa sauti. Mwingine anaandika herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Evodia, binti yake, yule ambaye humsikii akisema, alikuwa anamimina maji, ulimi nje, polepole, buhorobuhoro kama ulivyomzoesha, wala tone halimwagiki.

Baba mtu akanyoosha mkono kunionyesha. "Hiki ndicho ninachokisema, mwalimu, watoto hawa..." Mkono ukaipiga glasi iliyokuwa pembeni yake. Paa! Vipande.

Jamani, Mama. Mtu mzima aliyevunja kitu cha watu mbele ya watoto! Jasho lilimtoka. Akaanza kuokota vipande kwa vidole, na Evodia akamwambia, "Baba, usiguse, utakatwa." Akaleta ufagio mfupi na kizoleo, akafagia kuanzia nje kuja ndani, akavifunga vipande kwenye gazeti kuukuu. Hakuna mtoto aliyecheka. Kisha akamletea baba yake glasi nyingine, ya kioo vilevile, imejaa maji.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na hii nikiivunja?"

"Ufagio upo," Evodia akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Akanywa yote. Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba nyumbani kwake mtoto akivunja kikombe anachapwa, na kwamba Evodia huko hushika kikombe mikono ikimtetemeka. Kisha akaenda zake.

Jumatatu nilisimama mlangoni nikisubiri. Aliyetokea wa kwanza barabarani alikuwa Evodia, kashikwa mkono na baba yake. Wengine wakafuata, si wote. Mama Deo kawahamisha mapacha wake na sokoni ananinunia. Na anune! Mimi niliingia ndani nikalia, Mama, kilio ambacho msibani kiligoma kutoka. Nilikulilia kweli siku hiyo. Watoto wakanisubiri nimalize, wakaniletea maji.

Sasa nikuage, kumekucha na uji haujawekwa motoni. Pumzika, mama yangu. Darasa nimelishika na sitaliachia, nakuahidi, hata wakibaki watoto wawili.

Jambo moja tu nikutahadharishe. Kesho baada ya misa tunakuja kwako, mimi na watoto. Wameomba wenyewe kupalilia kaburi lako. Jana nilishika jembe nije niwatangulie, nisafishe, niwaachie vijani viwili vya kuchezea. Nikakusikia kabisa ukinigombeza: "Mtoto akiweza, wewe kaa chini." Haya, nitakaa chini. Watang'oa majani pamoja na maua niliyokupandia, na hatakosekana mmoja wa kukukanyaga. Vumilia, Mama. Ndio kwanza wanajifunza.

Mwanao,
Leokadia