Kiwanja cha Hermínio Kimekuwa Viwili

418 Mtaa wa Almond,
Santa Rufina,
California.

14 Septemba, 2024

Mpendwa kaka yangu Gualter,

Naomba baraka zako kwanza, kama tulivyofundishwa, ndipo niseme mengine. Hujambo, kaka? Goti lako linaendeleaje? Na wifi Conceição, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Niambie pia kama ng'ombe wameshashushwa kutoka malisho ya juu, na kama ukungu umewaachia jua kidogo mwaka huu. Mimi ni mzima. Sukari inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda, lakini miguu ina nguvu, na barua zako bado nazisoma mwenyewe.

Jibini ulilompa mtoto wa Fagundes lilifika salama. Nilikusudia kulificha nile peke yangu. Sikufanikiwa.

Sasa nina habari, nayo si ya kupigiana simu. Kwenye simu wewe husema "sawa, sawa", halafu unampa wifi. Kaa chini usome.

Tumejenga, kaka. Ile ardhi ya nyuma ya nyumba yangu, ambayo kwenye picha ulisema inatosha kulisha ndama, sasa ni kiwanja kamili chenye hati yake, na juu yake imesimama nyumba ya Natália.

Unakumbuka mwaka 1996, marehemu Hermínio alipotaka kujenga kijumba pale kwa ajili ya Mama. Mama alikuwa amekubali kuja kwa sharti moja tu, awe na jiko lake, maana alisema jiko moja halikai wanawake wawili hata kama mmoja kamzaa mwenzake. Siku zile mji ulikuwa na kanuni yake: kiwanja kimoja, nyumba moja. Aliyetaka zaidi aliitishiwa mkutano wa majirani. Hermínio alivaa suti ya harusi yetu akasimama mbele yao na Kiingereza chake cha kiwanda cha matunda. Wakainuka mmoja mmoja kulalamikia magari, kivuli, kelele, na "watu wa namna ile wanaopenda kujazana", yaani sisi. Aliyesema sana ni jirani yetu wa ubavuni, Bwana Norwood. Tukakataliwa. Mama akabaki kwako, ukamtunza hadi siku yake ya mwisho, na kwa hilo sitachoka kukushukuru.

Hukuwahi kujua jinsi Hermínio alivyorudi nyumbani siku ile. Alivua koti, akachukua jembe, akaanza kupanda maharage mahali pale pale alipokuwa amepima msingi. Mkutano ule hakuutaja tena mpaka anaingia kaburini.

Nije kwa Natália. Unajua ndiye dereva wa basi la shule hapa mjini. Usichojua, kwa sababu alinikataza nisikwambie, ni kwamba yeye na mumewe Esteban walishindwa kabisa kupata pa kuishi wanapopamudu hapa Santa Rufina. Wakahamia Los Banos, ng'ambo ya milima. Kila siku ya kazi mwanangu alitoka giza halijaondoka, akavuka milima, akawabeba watoto wa watu, kisha akavuka tena kurudi. Watoto wake mwenyewe waliamshwa na jirani.

Baridi ya mwaka juzi, akirudi, usingizi ulimchukua kwenye kona. Gari likagonga ukingo wa barabara. Mungu alimshika, akavunjika mfupa wa bega tu. Nilipofika hospitali nilimkuta Esteban amekaa na kofia mikononi. Akaniambia wamefikiri sana, na huenda wakahamia Texas kwa binamu yake. Kaka, ile ajali ilinitisha. Neno Texas lilinitisha zaidi.

Habari ya sheria mpya niliipatia kwenye ukumbi wa chama chetu, tukimenya vitunguu vya supu ya sikukuu ya Roho Mtakatifu. Lurdes, yule wa kwa kina Machado, alisema jimbo limeruhusu mwenye nyumba akigawe kiwanja chake sehemu mbili na kujenga kila upande, na kwamba mji hauna la kufanya. Nilimwambia yeye huamini kila anachokisikia redioni. Hata hivyo kesho yake nilikuwa mlangoni pa ofisi ya mipango miji kabla hawajafungua.

Nilipokewa na binti mmoja anaitwa Thuy, mpole, mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Alinieleza masharti yote. Nikamwuliza swali langu moja.

"Majirani mtawaita lini?"

"Hawaitwi, mama. Tukiona masharti yametimia, tunatoa kibali. Basi."

Nikamwomba aseme tena. Akarudia polepole, akidhani Kiingereza kimenipita. Hakikunipita. Nilitaka kuyasikia maneno hayo mara mbili.

Sharti mojawapo ni kutia sahihi kwamba mwenye kiwanja atakaa hapo hapo miaka mitatu tena. Nilimwambia Thuy kwamba nimekaa huku tangu tetemeko la mwaka 1980 lituangushie nyumba huko kwetu kisiwani, basi hiyo mitatu ni ya kumalizia kahawa tu.

Aliyenipa kazi ngumu ni Natália mwenyewe. Alikataa. Alisema, "Mama, siwezi kukukatakata kiwanja chako kama keki. Baba alikitolea jasho." Akaongeza kwamba watu watasema amemdhulumu mjane.

Nilikaa nikaifikiria sana kauli ile, nikakumbuka ardhi ya babu. Si unakumbuka ilivyogawanywa na kugawanywa, hata fungu la Baba likawa jembamba kiasi kwamba ng'ombe akigeuka, mkia uko kwa baba mdogo? Ndiyo maana nusu ya kijiji chetu tuko huku. Nikaja nchi ambako kugawa ni marufuku, na watoto wakaondoka vilevile. Kumbe ardhi hufukuza watoto ikigawanywa mno, na huwafukuza pia isipogawanywa kabisa. Hayo nilimwambia. Hakusadiki.

Basi nikasema, "Sikukatii keki. Nakuomba ukae karibu nami. Kama hutaki kukaa nami, sema hivyo, usimsingizie baba yako."

Alilia kwa hasira akasema siku zote napigana bila haki. Ni kweli. Wiki iliyofuata tulikwenda wote kwa Thuy.

Mpima ardhi alipokuja kupigilia bikoni za mipaka, Bwana Norwood alitoka akasimama kwenye ua wake na mkongojo. Sasa ni mzee sana, amebaki mifupa, lakini mdomo haujazeeka. Hakuniuliza kitu. Alizunguka mtaa mzima, na muda si mrefu tukasikia amewaomba madiwani waweke kanuni za mji juu ya ile sheria ya jimbo: nyumba mpya ikae mbali sana na ua, iwe na maegesho makubwa, na mengine ya aina hiyo, hata kwenye kiwanja kama changu pasibaki pa kuweka hata banda la kuku. Kuzuia hawawezi, kaka, ila kukusumbua wanaweza.

Natália alitaka tuache. Esteban pia. Mimi nikapiga pasi gauni langu la bluu.

Ukumbi wa mkutano wa madiwani ni ule ule aliosimama Hermínio, viti tu vimebadilishwa. Norwood aliitwa kwanza. Alisema ameilinda sura ya mtaa wetu maisha yake yote na hataki ife kabla yake. Watu wengine walimpigia makofi, na sitasema alisema vibaya, alisema kama mtu anayependa mahali. Kisha wakaliita jina langu. Nikashika kitako cha kipaza sauti kwa mikono miwili.

Nilisema, "Naitwa Deolinda Silveira. Mume wangu alisimama hapa kumwombea mama yangu nyumba, mkamkatalia. Mama yangu hakuwahi kuja. Leo nawaambia habari za binti yangu. Ndiye anayewapeleka watoto wenu shule. Kila asubuhi mnampungia mkono. Mchana mnamtaka, jioni hamtaki alale hapa. Naomba mmoja wenu aniambie kwa nini."

Halafu nikabaki nimesimama. Muda wangu wa kusema haukuwa umekwisha, kwa hiyo nikangoja jibu.

Diwani mmoja alianza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma, ambaye simjui hata leo, akasema bila kuitwa kwamba dereva huyo ndiye aliyekaa na mwanawe siku alipougua njiani, hakumwacha mpaka yeye alipofika. Mwingine akainuka. Baba mmoja naye akainuka. Mwenyekiti akawaomba wakae, wakakaa baadhi. Natália alikuwa pembeni yangu amejifunika uso kwa viganja. Walipopiga kura, zile kanuni zilianguka.

Mlangoni Norwood alinisubiri. Hakunitazama. Alisema, "Sikujua kwamba dereva wa basi ndiye yeye."

"Hukuuliza," nikamjibu, nikaenda zangu. Hatujawa marafiki, nisije nikakupa hadithi tamu. Lakini malori ya matofali yalipokuja, aliondoa gari lake njiani bila kuambiwa.

Kujenga kumetuchosha. Wastaafu wote wa chama chetu cha Roho Mtakatifu walijitokeza, kila mmoja na nyundo yake na ubishi wake, na kila Jumamosi niliwapikia soseji na sukuma wiki. Esteban ni fundi vigae, kwa hiyo bafu la Natália linanipita hata mimi kwa uzuri. Mwanao wa kike huyu, maana wewe ndiye mjomba wake pekee, alipanda juu ya paa na bega lake lililounganishwa, akipokea vigae, nami chini nikipiga kelele ashuke. Hakushuka. Nikamtazama, na moyoni nikajisemea kwamba huyu ni wangu.

Nyumba ni ndogo. Vyumba vitatu, kibaraza, na dirisha la jiko linalotazama dirisha langu. Padri aliibariki mwezi uliopita. Mji uliipa namba yake yenyewe, na Natália aliipaka rangi kwenye ubao akauning'iniza kabla hata hajaingiza vitanda.

Jumatatu ya kwanza baada ya wao kuhamia, nilikuwa nakunywa kahawa nikamwona akipita kando ya nyumba yangu kwenda kazini kwa miguu, jua limeshatoka kabisa. Watoto walikuwa bado mezani kwao wakila mkate wa mayai. Hakuwa na haraka. Alisimama akafunga kamba ya kiatu, akanipungia mkono, akaendelea. Kaka, nimeona mengi katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kujivuna hivyo mbele ya kikombe cha kahawa.

Nisalimie wifi Conceição, nisalimie Evaristo na mkewe, na mzee Belmiro wa zizini kama bado ananikumbuka. Ukienda makaburini, mwambie Mama habari hizi kwa sauti, maana alikuwa hasikii vizuri. Natália, Esteban na watoto wanakubusu mkono.

Mungu awalinde ninyi na mifugo yenu, na bahari iwe tulivu kati yetu. Mwakani, wakati wa sikukuu, nataka uje. Usiseme goti. Ila nakuonya mapema: Natália anasema utalala kwake kwa sababu nyumba yake ni mpya, nami nasema utalala kwangu kwa sababu mimi ndimi dada yako, na ugomvi huo tumeshauanza.

Dada yako mdogo akupendaye daima,

Deolinda