Habari za Nyumbani, Baba Firdausi

Mwaka umezunguka, mume wangu Maulidi, tangu Mwenyezi Mungu akuchukue alfajiri ile pale hospitali ya Kibaha, mimi nikiwa kwenye benchi la nje.

Watu wa Kisarawe wote wanakutaja kwa upole wako. Uliuguza watu wa chumba cha mahututi, na miaka ya mwisho ukawa kwenye utafiti: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, fahamu hazijamrudia sawasawa, je, akisikia sauti za kwao atatulia upesi? Ukawa unawaingiza ndugu mmoja mmoja, waseme naye.

Ukirudi nyumbani unacheka. "Mama Firdausi, watu wetu nikiwaambia semeni naye, wanamsomea Yasini. Mgonjwa si atadhani ndiyo safari? Nawaambia dua someni hapo nje, humu mpeni habari za nyumbani." Ulimsifu sana bibi mmoja wa Marui aliyemkaripia mwanawe: "We Abdulkadiri, nguruwe wanamaliza mihogo, wewe umelala tu kama bwana harusi." Ulisema huyo ndiye anayejua kuamsha mtu.

Kisha utumbo ukajisokota, ukapasuliwa wewe. Wenzako wakatuita tuseme nawe. Kwetu mkubwa hapitwi mlangoni: akaingia kaka yako Maneno kutoka Kibuta, akafuata shangazi yako Swaumu. Kila mmoja alikusomea Yasini mpaka mwisho. Saa ya kutazama wagonjwa ikaisha, zamu yangu haijafika. Muuguzi Evaline akaniambia, "Mama, kesho utaanza wewe." Kesho hiyo hukuiona.

Sina ugomvi na kadari ya Mungu, wala na wakubwa. Walikupa kilicho bora walichonacho. Ila maneno yangu yamenibaki mdomoni mwaka mzima, nayo si makubwa.

Paa la jikoni nilikuwa nimeshalipatia fundi. Mkorosho wa nyuma ulikuwa umeanza kutoa maua. Zubeir alikuwa ameng'oka jino la mbele, hataki kucheka mbele za watu. Firdausi aliuliza utarudi lini, nikamwambia muulize Mungu, akasema ameshamuuliza.

Ni hayo tu, baba. Sisi hatujambo. Tulia.

Tunakukumbuka sisi: mkeo Hajira, wanao Firdausi na Zubeir, kaka yako Maneno, shangazi Swaumu, na wauguzi wenzako wa Kibaha. Hutatutoka moyoni mpaka nasi tuitwe.