Betri Iliyocheza Mezani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia siku hizi unashinda umekaa, hata redio huwashi. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningetafuna maneno.

Kazini bado tunapiga picha za mapaa kwa droni, ingawa aliyeshika nafasi yako anairusha kama anayefukuza kuku. Juzi nilikwenda kumwona yule fundi cherehani aliyevunjika mkono droni yako ilipozimika hewani ikamwangukia. Mfupa umeunga, lakini mkasi bado unamshinda. Alikuulizia. Alisema siku ile ulipiga magoti ukamshikilia mkono mpaka gari lilipofika, na kwamba haamini maneno ya wakaguzi, eti uliirusha mbali kuliko uwezo wa betri. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kaka, maneno yale si ya kweli, na anayejua ni mimi.

Ulinifundisha kulaza kila betri mezani kabla ya kuruka, kisha kuigusa kwa kidole. Ikitulia ni nzima. Ikicheza imevimba, iwekwe kando. Asubuhi ile uliniuliza kama nimeilaza, nikasema ndiyo. Sikuilaza. Nilikuwa nimechelewa, nikaichomoa kwenye chaji nikakupa. Hukuuliza mara ya pili, kwa kuwa ni mimi.

Tulipookota mabaki niliikuta imevimba, nikaificha kwenye sanduku langu la vifaa. Wakaguzi hawakuipata, wakakuandikia uzembe, ukanyang'anywa leseni. Miezi minne nimenyamaza, huku kila Jumapili nikikupigia kukuambia ujipe moyo. Naona aibu, kaka.

Leo asubuhi niliilaza mezani kwa meneja, nikaigusa. Ikacheza. Aliitazama mpaka ilipotulia, akaniambia niandike yote, nikaandika. Kisha akaniomba ufunguo wa stoo ya betri, nisizishike tena.

Nakala ya maelezo yangu imo ndani ya bahasha hii; wapelekee wanaotoa leseni. Mama msalimie tu, usimweleze. Jumamosi nitakuja nimwambie kwa kinywa changu, akitaka kunifukuza anifukuze. Msamaha siuombi leo. Ninachoomba ni urushe tena, na ukipata msaidizi mwingine, hata awe ndugu yako wa damu, betri ilaze mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Kiherehere