Usilipie Mashine Usiyoisikia Ikinguruma

Nyumba za Reli,
Makongeni,
Nairobi.
11 Februari 1996

Mpendwa ndugu yangu Nzivo,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Kimeu na za watoto. Hujambo? Muthoki na wanao hawajambo? Na mwaitu, mama yetu, goti lake linaendeleaje? Nilimpa dereva wa basi dawa ya kuchua amletee, na mpaka leo sijasikia kama ilifika au dereva alijichua mwenyewe. Sisi huku tu wazima. Kimeu bado yuko reli. Kila siku wanatishiwa kupunguzwa, na kila asubuhi anaamka anapiga pasi shati lake. Maji yalikuwa yamepotea mtaani, sasa yamerudi, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikatafuta kiti. Unasema kiinua mgongo chako kimetoka, na umeona gazetini kampuni inayouza mashine za kusaga mahindi, injini na kila kitu. Ukituma nusu ya bei kabla ya mwezi kwisha, watakuletea mpaka Mutomo. Unaniomba nikuombee. Nimekuombea. Sasa nisikilize: usitume hiyo pesa.

Usinune kwanza. Umeendesha lori la serikali katika vumbi lile mpaka mgongo ukapinda, halafu wakakuambia asante, nenda nyumbani. Hiyo pesa haina ndugu nyuma yake. Ikipotea, watoto watasoma na nini, na wewe katika umri huu utaandikwa na nani? Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali.

Wala usidhani dada yako anaogopa vitu vya matangazo. Mimi nimenunua kwa posta, nikatapeliwa, na changu nikakirudisha. Hii sikukuandikia kwenye barua ya Krismasi kwa sababu ilikuwa bado inanichoma.

Mpwa wako Wavinya alipomaliza kozi ya ushonaji mwaka jana tuliona tangazo la mashine ya kufuma sweta. Kulikuwa na shule karibu iliyokuwa tayari kumpa kazi ya sweta za watoto, bora tu awe na mashine yake. Kwenye picha mwanamke mzima ameketi, mashine imejaa meza nzima. Nikatuma pesa. Na kweli kifurushi kikaja, sanduku kubwa mpaka tukakodi mkokoteni kulitoa posta.

Sasa, unatujua sisi wa ushirika wa akina mama. Kwetu kitu kipya hakifunguliwi kabla ya kuombewa. Tumeombea stovu, tumeombea makochi, tumeombea hata redio ya Mama Musau ambayo sasa inacheza lingala mchana kutwa. Basi nikaliweka sanduku mezani na utepe wake, nikalifunika kitambaa, nikasema halitaguswa mpaka ushirika ufike zamu ya kwangu. Zamu yenyewe ilikuwa bado mbali kidogo. Wavinya alilizunguka sanduku lile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ilifika. Tukaimba, tukaomba, mama mchungaji akaweka mkono juu ya sanduku. Wavinya akakata utepe. Ndani kulikuwa na majani makavu, magazeti, majani tena, na katikati kimashine cha plastiki kinachoenea kwenye sahani. Cha kufuma, ndiyo. Kingeweza kumfumia mwanasesere skafu. Wavinya hakulia mbele za watu. Aliinama akaanza kuokota yale majani sakafuni, na mimi moyo uliniuma hata chai nikashindwa kuimimina.

Nikawaandikia. Wakanijibu upesi, hapo hawakuchelewa. Wakasema malalamiko hupokelewa katika wiki ya kwanza tu baada ya kuchukua kifurushi, na mimi muda wangu umepita. Nikatazama tangazo, na kweli iliandikwa pale chini, kwa herufi kama sisimizi. Tena wakaongeza, nani ajuaye kama sikutoa mashine nzuri nikaweka hicho kidude? Hapo damu ilinichemka. Kutapeliwa ni jambo moja, kuitwa mwizi ni jambo lingine.

Unamkumbuka Teresiah, jirani yangu wa Murang'a anayeuza mitumba Gikomba? Yeye hununua beli ya nguo ikiwa imefungwa, haoni ndani, na biashara yake inakwenda. Nikamuuliza anawezaje. Akaniambia, "Mimi pia hupunjwa, Mama Wavinya. Lakini anayeniuzia najua husimama wapi, na kesho nitamkuta papo hapo. Wako husimama wapi?" Mimi nilikuwa na nambari ya sanduku la posta na ya simu, basi.

Teresiah akaingia kibanda cha simu, akawaambia yeye ni mfanyabiashara, anataka mashine nyingi, na pesa iko mkononi. Loo, walivyomwelekeza! Barabara, jengo, ngazi, mlango wa rangi gani. Mimi nilipokuwa nikipiga, bwana mkubwa alikuwa safarini siku zote.

Tulikwenda ushirika mzima, na sare zetu na vitambaa vyeupe, mama mchungaji mbele. Mwenye ofisi alikuwa kijana nadhifu anayeitwa Johnson, tai mpaka kwenye mshipi, maneno laini. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wengine wanangoja kulipa. Akaanza na wimbo wake wa kwamba nilibadilisha. Mama mchungaji akamwambia taratibu, "Mwanangu, nililiombea sanduku lile na utepe wako ukiwa juu yake. Mkono wangu ulikuwa hapo hapo. Unasema sisi sote tumeota?" Kumbe ile desturi yetu iliyonichelewesha ndiyo iliyonipa mashahidi.

Johnson akarukia upande wa pili. Tangazo lilisema mashine ya kufuma, na hii inafuma. Nikaitoa kwenye kikapu, nikamwekea mezani pamoja na uzi. Nikamwambia, "Basi nifumie mkono mmoja wa sweta. Sisi tutangoja." Tukaketi. Wenzangu wakatoa vitambaa vyao wakaanza kudarizi. Wateja wa kwenye benchi wakakitazama kile kidude, wakatazamana, wakaondoka na pesa zao. Ndipo nikamwambia kwamba nimeshafika kwa maafisa wa biashara wa serikali, nikaambiwa sheria inataka kitu kifanane na kilivyoelezwa. Wala haikuwa porojo, nilikuwa nimekwenda kweli, na tangazo na risiti nilikuwa nazo. Pesa yangu ilirudi yote, na ya posta juu yake.

Wavinya akaenda Kaloleni kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mashine yake ya zamani. Alifuma mkono mzima wa sweta pale pale sebuleni kabla sijafungua pochi. Kazi ya muhula wa kwanza ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine, hilo siwezi kukuficha, lakini ya muhula ujao amepewa yeye. Mashine yenyewe inakwaruza hapa nyuma yangu ninapoandika.

Yule Jacky wa nyumba ya pili, anayefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta, anasema Ulaya watu wameanza kununua vitu kwa kompyuta, hata mwuzaji hawamsikii sauti. Nikamwambia basi huko nako kuna akina Johnson, wamebadilisha tu mlango.

Na hiyo habari ya bei kupanda mwezi ukiisha, kaka, huo ni mjeledi wa kukukimbiza usifikiri. Mwuzaji wa kweli ataiuza mashine yake hata mwezi ujao.

Sasa nikuambie nililokuja nalo. Jana mimi na Teresiah tulikwenda kuitafuta kampuni yako. Anwani uliyoniandikia tuliipata bila taabu. Barabara ipo, jengo lipo, jina la jengo liko ukutani. Wao wanasema wako ghorofa ya tano. Nzivo, tulipanda ngazi mpaka zikatuishia kwenye paa, na tulikuwa tumevuka ghorofa tatu tu. Kulikuwa na nguo zimeanikwa na mlinzi anakula githeri. Tukamuuliza ghorofa ya tano iko wapi, akatuonyesha mbingu.

Hakuwa anatucheka. Alisema watu huja wakiuliza hivyo hivyo. Juzi alikuja mzee kutoka Busia, risiti mkononi, akaketi kwenye ngazi mpaka jengo likafungwa. Nilikuona wewe pale, ndugu yangu, na kofia yako ya kazi magotini.

Kama umeshatuma, usikae chini kulia. Nenda posta leo na risiti yako, uwaombe waizuie kabla haijachukuliwa, kisha unipigie simu kazini kwa Kimeu. Kama hujatuma, panda basi uje. Huku Gikomba kuna fundi anaitwa Bedan anayeunda mashine za kusaga, na zilizotangulia ziko Thika na Tala, nimezungumza na wenyewe. Njoo na debe la mahindi ya shambani kwako. Atawasha injini mbele yako, tutasaga, Wavinya atasonga sima, tutakula. Tukikuta mchanga, tutamwachia mashine yake. Unga ukiwa mzuri, utalipa ukiwa umeshiba.

Nisalimie mwaitu, Muthoki, na mjomba Mbithi ambaye najua atasema wanawake wa Nairobi wamekuwa wakali. Mwambie ni kweli. Mungu aulinde mlango wenu na akulinde wewe njiani. Kitanda cha wageni nimeshakitandika.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukininunia,
Wayua